Tukague mapipa yetu kabla ya kulaumu mitaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, pamoja na viongozi wetu wa serikali za mitaa, jambo kuhusu mbu ambalo mimi nimelielewa kwa kuchelewa, baada ya binti yangu kulazwa siku tano kwa homa ya dengue wakati wa masika yaliyopita.

Mvua zinapoanza, lawama zetu zote huelekezwa kwenye mitaro iliyoziba. Mtaro uliojaa tope ni kero ya kweli, na katika maji machafu ya namna hiyo huzaliana mbu aina ya Culex, yule anayetunyima usingizi usiku na ambaye hapa pwani ameeneza matende na mabusha kwa vizazi vingi. Lakini mbu wa dengue, yaani Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji safi yaliyotulia, kivulini, karibu na watu: pipa la maji ya kupikia, diaba la bafuni, kisahani kilicho chini ya chungu cha maua, tairi chakavu, kifuu kilichotupwa nyuma ya jiko. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, saa ambazo vyandarua vyetu vimefungwa juu ya vitanda. Wala haruki mbali, kwani wengi wao humaliza maisha yao yote ndani ya mita mia chache kutoka walikozaliwa. Ndiyo maana sina shaka kubwa kwamba aliyemuuma mwanangu alizaliwa kwangu, au kwa jirani yangu wa ukuta mmoja.

Tulipotoka hospitali nilichukua tochi nikamulika pipa lililo mlangoni mwa jiko, ambalo maji yake nilikuwa nikiyaona meupe kabisa. Viluwiluwi walikuwa wamejipanga juu, vichwa chini, na mwanga ulipowagusa wakashuka wote kwa kujinyonganyonga, kisha mmoja mmoja wakaanza kupanda tena kuvuta hewa. Nilimwaga maji yote, nikaliacha pipa likauka juani, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Nililijaza tena, na haikupita wiki viluwiluwi wakarudi. Afisa afya wa kata ndiye aliyenionyesha kosa langu: alinishika mkono akapitisha kidole changu kwenye ukuta wa ndani wa pipa, juu kidogo ya alama ya maji, nikahisi vijichembe kama masizi ambavyo havikutoka kwa kufuta. Hayo ni mayai. Yamegandishwa hapo na mbu mwenyewe, yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa, na maji yakiyafikia tena huanguliwa. Kwa joto la mji wetu, yai huwa mbu kamili katika siku saba hadi kumi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima pipa lisuguliwe kwa brashi ngumu na sabuni, na lisuguliwe kila wiki.

Baada ya hapo nilikagua kila mahali. Niliwakuta viluwiluwi katika bakuli la maji lililo nyuma ya friji, katika gata lililozibwa na majani ya mwembe, na hata juu ya ukuta wa uzio, ndani ya vitako vya chupa vilivyopachikwa kwa saruji ili kuzuia wezi. Vitako hivyo nimevijaza mchanga na saruji kidogo, kazi ya nusu saa.

Najua wengi watasema kwamba hatuwezi kuacha kuhifadhi maji, nami nakubaliana nao. Mtaani kwetu maji hutoka siku mbili kwa wiki, na asiyejaza pipa hapiki. Basi tuhifadhi, ila tufunike. Mfuniko ulioegeshwa juu ukaacha upenyo haumzuii mbu. Mimi nakata chandarua kikuukuu ambacho hakina tena kazi kitandani, nakivisha mdomo wa pipa na kukikaza kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na tangi la juu nimelifanyia vivyo hivyo kwenye bomba la kutolea maji yanayozidi.

Kuhusu moshi wa dawa unaopulizwa mitaani, siupingi, lakini tusiuwekee matumaini yasiyo yake. Moshi ule huua mbu anayeruka na akaguswa nao saa ile. Yule aliyejificha chini ya kitanda au nyuma ya nguo zilizotundikwa chumbani hubaki salama, na viluwiluwi pipani hawadhuriki kabisa. Mwaka 2019 wagonjwa waliothibitishwa kuwa na dengue nchini walizidi 6,000, wengi wao wa jiji hili, na ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuua virusi vyake. Mgonjwa hupewa maji na dawa ya kutuliza homa tu.

Kwa yale maji tusiyoweza kuyafunika wala kuyamwaga, kama madimbwi na mashimo ya ujenzi, tunacho kiwanda cha viuadudu pale Kibaha kinachotengeneza dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi. Mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zikanunue dawa hiyo. Jiji letu pia lina uzoefu wa tangu mwaka 2004, wakati mpango wa kudhibiti malaria mjini ulipowatumia wakazi wenyewe kupita mtaa kwa mtaa wakitafuta mazalia. Naomba halmashauri zetu zirudishe utaratibu wa namna hiyo, na safari hii wakaguzi waingie uani, wakiwa na tochi, na wamwonyeshe mwenye nyumba kilichomo ndani ya pipa lake kama nilivyoonyeshwa mimi.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni desturi nzuri, lakini tunafagia barabara na kuzibua mitaro huku mapipa yamebaki nyuma ya mageti, na katikati ya Jumamosi hizo mbili pipa moja linaweza kutoa mbu mara tatu. Katika uchochoro wetu nyumba sita tumekubaliana kusugua vyombo vya maji kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla watoto hawajatoka kucheza. Namwomba mwenyekiti wa mtaa atangaze saa hiyo hiyo kwa mtaa mzima, kuanzia sasa, kabla mvua za vuli hazijaanza.

Mama wa watoto watatu,
Temeke, Dar es Salaam