Risala ya Kikundi cha Kusaidiana kwa Mgeni Rasmi, Kufunga Wiki ya Mgao, Brisbane

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu wetu,
Mama Mwenyekiti,
Waheshimiwa wachungaji na wazee wetu,
Wadhamini mliofika kutoka kazini na mashuleni,
Ndugu zetu wa Nyarugusu na majirani wa hapa Brisbane,

Wakubwa shikamooni. Karibuni sana.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Kamati ilipokaa kutafuta mgeni rasmi, yalitajwa majina manne, mengine ya watu wenye vyeo virefu. Ukachaguliwa wewe kwa sababu wengi tuliosimama hapa mbele umetufundisha kusoma, na siku za mgao wa chakula kambini ulikuwa ukituachia mapema tukabebe unga, kisha na wewe unatukuta foleni na ndoo yako mkononi. Huhitaji kuelezwa tunazungumzia nini. Tutawaeleza wageni wengine: wiki nzima tumekula nusu ya mgao wa kambini ili kuchangisha fedha.

Nyarugusu ni kambi iliyoko wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, wengi wao wakivuka Ziwa Tanganyika, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi. Chakula kinatoka Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambao sisi tuliuita PAM, kwa kifupi chake cha Kifaransa: unga wa mahindi, njegere kavu za njano, mafuta, chumvi na unga wa uji. Mgao kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Machi 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, ulishushwa hadi asilimia 65. Juni mwaka huo huo ukafika asilimia 50. Ndugu waliotupigia simu miezi ile hawakutaja asilimia. Walisema, "Sasa tunapika mara moja."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazo la wiki hii hatukulitunga sisi. Hapa Australia shirika la Act for Peace lilianzisha mwaka 2014 zoezi liitwalo Ration Challenge, yaani Changamoto ya Mgao. Mshiriki anakula kwa wiki moja chakula kinacholingana na mgao wa mkimbizi wa Syria aliyeko Jordan: mchele, unga wa ngano, dengu, maharage, mafuta, na kikopo cha samaki. Marafiki na wafanyakazi wenzake wanamchangia. Vijana wetu watatu waliwahi kushiriki. Bibi mmoja, ambaye yupo hapa na amenikataza kumtaja, alikiona kile kikopo mezani akauliza, "Na samaki tena? Hao wako kambini au harusini?" Tulicheka sana, ingawa kwa Msyria aliye Jordan hakuna la kuchekesha. Ila maneno ya Bibi ndiyo yaliyotufanya mwaka huu tupime mgao wa kwetu.

Tukapiga hesabu ya nusu: gramu 200 za unga, 60 za njegere, 10 za mafuta, na chumvi. Ni kama kilokalori 1,000 hivi kwa siku. Unga huo ukiumwaga kwenye sinia unauona mwingi. Ukishausonga ni ugali wa ngumi mbili, na hapo hujatenga wa mchana na wa jioni.

Walijiandikisha watu 23. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari na walio kwenye dawa tuliwazuia. Watoto walishiriki Jumamosi tu, kwa hiari yao, na hiari yenyewe iliisha saa nane mchana.

Wazee karibu wote walikataa. Mmoja alisema, "Hiyo changamoto yenu mimi niliimaliza kwa miaka 19, na hakuna aliyenichangia hata senti." Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna. Sisi tulijua njaa yetu itakwisha Jumapili jioni, friji limejaa. Aliye foleni kule hana Jumapili hiyo. Tuliendelea hivyo hivyo, maana kazini tumejifunza jambo moja: ukimsimulia mwenzako habari za kambi, anatikisa kichwa na kusema pole, akikukuta siku ya tatu unakwangua kibakuli kwa kidole, anauliza fomu ya kuchangia iko wapi.

Mwenzetu mmoja anafanya kazi kiwanda cha nyama. Kutwa anakata mapaja ya ng'ombe, mapumziko yakifika anafungua njegere zake baridi kantini. Jumatano msimamizi wake alimsogezea soseji mbili kwenye karatasi. Mwenzetu akazitazama, akazirudisha, akampa kalamu. Kabla kengele haijalia, zamu nzima ilikuwa imejaza fomu.

Kanuni moja tuliiongeza katikati ya wiki. Kijana mmoja alishindwa kula ugali wa chumvi mfululizo, akaenda kwa jirani kubadilisha kikombe cha unga kwa dagaa. Wengine wakamlalamikia kwamba amevunja masharti. Mama Mwenyekiti akaamua: hajavunja kitu. Kambini nani hakuuza unga apate sabuni? Tukaruhusu, na usiku huo ndio tuliolala na njaa kuliko zote, maana dagaa waliliwa dakika tano na unga haukurudi.

Hadi jana usiku michango iliyoingia ni dola 6,215, na itakabidhiwa WFP kwa ajili ya wakimbizi walioko Tanzania. Risiti itabandikwa ukutani.

Kwa desturi, risala ikifika hapa husomwa changamoto. Safari hii changamoto ndiyo shughuli yenyewe, kwa hiyo tunataja mbili tu. Ya kwanza ni kipimo. Tulikuwa na mizani inayosoma gramu moja moja, lakini kuna mama aliyeshikilia kwamba kopo lake la unga limefutwa mno kwa kiganja, akapunjwa. Ugomvi huo hatukuusikia tangu tuondoke Kasulu. Ya pili ni nzito zaidi. Ndugu zetu walisikia habari hizi kwenye WhatsApp wakauliza kwa nini fedha zisitumwe kwao moja kwa moja. Ni swali la haki. Fomu walizojaza wadhamini zinaitaja WFP, na hatuwezi kugeuza baada ya mtu kutoa. Tulichokubaliana ni kwamba matumizi ya chakula ambayo kila mshiriki aliyaokoa wiki ile atayatuma kwa watu wake kambini, juu ya yale ya kila mwezi.

Mwalimu, maombi yetu ni mawili. Tunaomba utupeleke kwenye shule unayofundisha sasa, ili mwakani tusiwe 23. Na tunaomba leo ukae meza moja na wale wazee waliokataa, uwaulize mbele ya watoto walikuwa wanapika nini mgao ukichelewa. Sisi tukiwauliza wanatuambia tukale.

Sombe, yaani kisamvu, pamoja na ugali na samaki viko tayari. Amepika Bibi wa kile kikopo, na amesema atapakua mwenyewe, bila mizani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi