Heri ya sikukuu wapendwa, na tuulizane kidogo: daftari kashika nani?

Wapendwa, ndugu, jamaa na marafiki, na nyie ambao tunasalimiana humu mitandaoni tu bila kuonana uso kwa uso, heri ya sikukuu! Krismasi njema kwa wanaosherehekea, mapumziko mema kwa wasiosherehekea, na kwa sisi wote tunaouaga mwaka niseme poleni na hongereni kwa pamoja, maana kuufikisha mwaka ukingoni nayo ni kazi. Kuna humu waliofiwa, kuna waliopata watoto, kuna ambao kazi zimeota mbawa na wengine ndo kwanza wameajiriwa. Nawasalimu wote salamu ileile, hamna ya waheshimiwa na ya wengineo.

Najua salamu za sikukuu huwa fupi, amani, upendo, baraka, kwisha habari. Mimi leo nitazidisha kidogo, nataka tuulizane nani hupanga mtu huyu ana thamani gani na yule gani, mwenye haraka aishie hapo juu, salamu keshaipata.

Maana mwezi huu ndo mwezi wa listi jamani. Mchezaji bora wa mwaka, msanii bora wa mwaka, tajiri namba moja, tarehe 10 Desemba wanakabidhi tuzo za Nobel (ndo tarehe aliyofariki mwenyewe Alfred Nobel, mwaka 1896), mwaka mpya ukikaribia Uingereza wanatangaza majina ya watu wa kupewa nishani, na jarida la TIME linamtaja mtu wake wa mwaka, kitu walichoanza na rubani Charles Lindbergh kwa mwaka 1927. Mwaka 1938 wakamtaja Hitler, na wenyewe hujitetea kwamba wanapima ushawishi, sio wema, sawa tumewasikia. Kila ukifungua simu unakuta watu wamepangwa wa kwanza hadi wa mia, na sisi tunabishana kwanini wa saba hajawa wa tatu, yaani tunagombania namba tu wakati listi yenyewe hatujui imeandikwa na nani na kwa kipimo gani.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Samahani wazee wangu, kwa hili naona mmetudanganya kidogo. Mwaka 1847 kule Vienna daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, aliwaambia madaktari wenzie wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi wodini, maana walikuwa wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha. Vifo wodini kwake vikashuka kutoka karibu 18 kwa kila akinamama 100 mwezi Aprili hadi kama wawili ndani ya miezi michache. Ungetegemea wambebe juu juu. Wakubwa wengi wakakasirika, nani huyu anasema mikono ya daktari ni michafu, na mwaka 1865 akafia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na miaka 47. Kizuri hakikujiuza, akinamama waliopona hawakuwa na kura kwenye chama chochote cha madaktari, na waliokuwa na kura ndo waliokuwa wanaambiwa wamekosea.

Na vitu pia hivyohivyo. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza ule mnara wa Washington kwa heshima ya rais wao wa kwanza, kwenye ncha kabisa wakaweka kipande cha aluminiamu, maana ilikuwa metali ya thamani ya kujivunia. Miaka miwili baadae, 1886, Charles Hall Marekani na Paul Héroult Ufaransa, kila mtu kivyake, wakagundua njia ya kuitoa kwa umeme, bei ikaporomoka na leo aluminiamu ni kopo la soda unalokanyaga njiani. Kitu ni kilekile hakijabadilika hata kidogo. Kwa vitu sina ugomvi sana, bei ipande bei ishuke, aluminiamu hailii. Shida inaanza tukianza kuwapanga watu.

Nikuulize, ukiambiwa kuna sheria ya kufuta utumwa na ndani yake kuna fidia, akilini unadhani fidia inakwenda kwa nani? Bunge la Uingereza lilipitisha sheria hiyo mwaka 1833, zikatengwa pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya mwaka mzima kwa wakati ule, na hela yote ikaenda kwa wenye watumwa. Wote. Waliotumikishwa hawakupata hata senti na juu yake wengi wakalazimishwa kuendelea kumfanyia kazi bwana yuleyule bila mshahara kwa kile walichokiita kipindi cha mafunzo, hadi 1838. Kulikuwa na madaftari kabisa, madai zaidi ya 40,000, na binadamu wamewekwa kwenye makundi ya bei, huyu fundi, huyu wa shambani, huyu mtoto chini ya miaka sita, huyu mzee. Na mkopo uliokopwa kulipia hayo mambo umekuja kumalizika 2015, juzi tu hapa, maana yake katika waliokuwa wanaulipa kupitia kodi walikuwemo mpaka wazao wa hao hao waliouzwa. Mimi kila nikiifikiria hii nashindwa kuendelea kunywa chai. Na kinachonitisha zaidi ya ukatili wenyewe ni unadhifu wake, makarani walikaa wakapiga mistari, wakajumlisha, wakahakiki sahihi, yaani kwa macho ya daftari lile kila kitu kilikuwa sawasawa.

Utasema hayo ya zamani, dunia imestaarabika. Haya twende 2001. Baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11 bunge la Marekani lilianzisha mfuko wa kuwalipa ndugu wa waliokufa na waliojeruhiwa, na sheria yenyewe ikataka liangaliwe pato ambalo marehemu angelipata kama angeishi. Kazi akapewa mwanasheria Kenneth Feinberg, akaifanya bila malipo. Fikiria kiti alichokalia huyu bwana. Jengo moja, asubuhi moja, kifo kimoja, huyu mama wa jikoni ghorofa ya juu na yule bosi wa hisa, halafu ndugu wanakuja mezani kwako wanauliza mtu wetu ni shilingi ngapi. Malipo kwa ndugu wa waliokufa yakatoka kuanzia dola 250,000 mpaka zaidi ya dola milioni 7. Sio kwamba alikuwa mtu mbaya, alifuata sheria na kwa alipoweza alibana pengo lisiwe kubwa zaidi ya hapo. Ila mwenyewe baada ya kumaliza akasema hadharani kwamba ikitokea tena, kila maisha yapewe kiasi kilekile. Na 2007 alipopewa kusimamia mfuko wa wahanga wa mauaji ya chuo cha Virginia Tech, familia za waliokufa zote 32 zikapewa sawa, mwanafunzi kwa profesa.

Huyu mtu namheshimu kwa hilo, maana wengi wetu tukishapewa fomula tunajificha nyuma yake. Unasema sio mimi, ni kompyuta, ni utaratibu. Kumbe fomula nayo kuna mtu alikaa chini akaiandika, angeweza kuandika nyingine.

Sasa njoo kwenye fomula kubwa kuliko zote, pato la taifa, ile namba mawaziri wote wa fedha duniani wanaitaja wakisimama bungeni. Mchumi Simon Kuznets ndo aliwapelekea bunge la Marekani hesabu za mwanzo mwanzo mwaka 1934, na kwenye ripoti hiyohiyo akatahadharisha kwamba ustawi wa taifa huwezi kuusoma kwa kuangalia pato peke yake. Tahadhari wakaifungia kabatini, namba wakaenda nayo. Na ndani ya namba ile kupika, kufua, kulea, kumgeuza mgonjwa kitandani usiku, ukifanya nyumbani kwako bila malipo, ni sifuri. Shirika la Kazi Duniani lilipiga hesabu mwaka 2018 likaja na saa bilioni 16.4 za kazi za namna hiyo kila siku, sawa na watu bilioni 2 kupiga kazi saa nane bila mshahara, na zaidi ya robo tatu ya hizo saa ni za wanawake. Ila msicheke, mwaka 2014 Uingereza kwa kufuata kanuni za Ulaya waliingiza biashara ya madawa ya kulevya na ukahaba kwenye pato la taifa. Kwahiyo muuza unga anahesabika anachangia uchumi, bibi anayelea wajukuu wanne hayumo. Asiyekuwepo na lake halipo, na bibi kwenye kikao cha kutunga hizo kanuni hakualikwa.

Wachumi watanijia juu hapa waniambie dada umechanganya, bei inatokana na uhaba, wanaoweza kufagia ni wengi na wanaoweza kupasua moyo ni wachache. Sawa, nakubali nusu. Ila kama uhaba ndo unapanga kila kitu, mama wa mtoto yuko mmoja tu dunia nzima na malipo yake ni sifuri. Na huo uhaba wenyewe mara nyingi umetengenezwa, nani anaruhusiwa kusoma, nani anapewa leseni, nani akigoma anasikilizwa na nani akigoma anafukuzwa.

Ukitaka kujua nani ana thamani kweli, angalia siku asipokuja kazini. Februari 1968 wazoa taka wa jiji la New York waligoma siku tisa tu, tani kama 100,000 za taka zikalala barabarani na jiji likatangaza hali ya dharura ya afya. Halafu Ireland mwaka 1970 mabenki yakafungwa kwa mgomo kuanzia Mei mpaka Novemba, miezi sita na zaidi, na watu wakaendelea na maisha wakiandikiana hundi tu na kuaminiana, wenye baa na maduka ndo wakawa wanajua nani hundi yake inaaminika. Siwaambii benki hazina kazi, nami nina akaunti. Nasema linganisheni siku tisa na miezi sita, halafu linganisheni na mishahara. Na Iceland, tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake waliacha kazi zote, za ofisini na za nyumbani, siku moja tu, akinababa wakabeba watoto kwenda nao kazini na soseji zikaisha madukani. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya usawa wa kijinsia, na 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais.

Manesi nao. 2020 wakati wa korona watu walisimama madirishani wakawapigia makofi, sufuria zikagongwa, machozi yakatoka, tukawaita mashujaa. Uingereza makofi yalikuwa kila Alhamisi saa mbili usiku. Machi 2021 serikali ikapendekeza nyongeza ya mshahara ya asilimia moja, baadae ikapanda kufika tatu, na Desemba 2022, wiki hizi hizi za sikukuu, manesi wakaingia kwenye mgomo mkubwa kuliko wote katika miaka 106 ya chama chao. Kuna watu waliwalaumu eti wamechagua wakati mbaya. Mimi nikajiuliza wakati mzuri ni upi, maana makofi nayo hayakuwa na tarehe ya kulipwa. Tangu hapo mtu akiniambia tunawathamini sana watu fulani naomba tu anioneshe mshahara wao na ratiba ya zamu, hotuba nitaisoma baadae.

Basi nisiwachoshe, sikukuu hii watu wanataka kula na kulala. Salamu zangu za mwisho nazipanga kwa listi yangu mwenyewe, na kipimo changu nakisema wazi, ni upendeleo mtupu.

Manesi, wakunga na madaktari mtakaokuwa zamu usiku wa tarehe 31, heri kwenu. Walinzi mtakaosikia fataki kwa mbali mkiwa getini, heri. Madereva mliobeba watu kwenda makwao wakati nyie hamuendi, wazoa taka ambao baada ya sherehe zetu ndo kazi yenu inaongezeka, dada wa kazi ambao mmewapikia watoto wa wenzenu na wenu wako mbali, heri kwenu na bosi asisahau kwamba siku ya sikukuu ni siku ya mapumziko. Mliokaa nyumbani mwaka mzima mkimuuguza mzazi na kila anayekuuliza unafanya kazi wapi unajibu sifanyi kazi, jamani, acheni kujibu hivyo. Mliostaafu, mlioachishwa, mnaotafuta, mliofanya kitu kizuri mwaka huu na hakuna aliyekiposti, nyie pia heri.

Na kwenye komenti hapo chini msiniandikie amina peke yake. Nitajieni mtu mmoja aliyewabeba mwaka huu ambaye hayupo kwenye listi yoyote, kwa jina la nyumbani tu, mama fulani, mjomba, fundi, jirani, na mseme alifanya nini. Nitasoma zote, hata zikifika mia mbili, likizo ninayo mpaka tarehe 5.

Krismasi njema, na mwaka mpya uwe wa afya!