Usinunue sensa ya oksijeni ya gari kabla hujajua iliyopo imeuawa na nini

Morogoro, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Mama anakusalimu sana. Mahindi uliyoagiza yako tayari, nitayapakia kwenye basi la Jumatano.

Ujumbe wako ulinikuta nasonga ugali, nikauacha. Taa ya injini inawaka, gari linakunywa mafuta, na fundi anataka hela ya sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi kwenye eksozi, leo leo. Tafadhali usimpe bado. Sisemi anakudanganya, huenda kweli imekufa. Ila muulize imekufa kwa nini, maana mimi nilinunua mbili ndani ya miezi mitano kwa kutouliza swali hilo.

Unakumbuka Vitz yangu ilivyokuwa ikivuja oili juu ya injini? Fundi alifungua kile kifuniko cha juu, akakirudisha kwa silikoni ya kawaida, ile wanayozibia masinki. Baada ya wiki chache taa ikawaka. Nikaweka sensa mpya. Oili ikaanza kuvuja tena, akapaka silikoni ileile, na sensa mpya ikamfuata mwenzake. Fundi wa pili, mzee mmoja huku Msamvu, ndiye aliyeifungua akanionyesha ncha yake: nyeupe, kama imechovywa kwenye unga wa muhogo. Injini huvuta mvuke wa silikoni ile, ikauunguza, na majivu yake yakaifunika sensa isinuse chochote. Kumbe ipo silikoni ya injini isiyodhuru sensa, na tyubu yake imeandikwa hivyo! Niliumia sana, somo.

Kwa hiyo mwambie aifungue mbele yako. Ikiwa nyeusi kwa masizi makavu, injini inapewa petroli nyingi mno, pengine injekta inavuja. Kama gari lako linatoa moshi wa bluu, ujue linakula oili, na oili ikiungua huacha uchafu unaoua sensa polepole. Maji ya rejeta yakipenya ndani ya injini nayo huiharibu. Lakini kama gari limeshatembea zaidi ya kilomita 160,000 na sensa ni ileile iliyotoka nayo Japani, basi imezeeka tu, inunue kwa amani.

Jambo jingine ni eksozi. Sensa imefungwa pale, kazi yake kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, ili kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ijue kama imechanganya vizuri, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Bomba likipasuka kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inaona oksijeni nyingi, na kontrol boksi inaongeza mafuta yasiyohitajika. Hapo sensa ni nzima kabisa, nawe utakuwa umeibadilisha bure. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, sikiliza kama kuna mlio wa tiki-tiki upande wa eksozi.

Mwambie pia fundi akuandikie kodi, yaani namba ya hitilafu, aliyoisoma kwenye mashine, asikuambie tu kwamba ni sensa. P0135 inahusu hita iliyo ndani ya sensa. Sensa haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana imewekewa hita. Hapo aanze na fyuzi na waya, panya wa mtaani kwenu nawafahamu. P0420 ni ya masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi, na mara nyingi kubadilisha sensa hakuiondoi.

Hukuniambia habari ya harufu, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukisikia harufu ya yai viza, au ukiona moshi mweusi na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, usiendelee kuliendesha hivyo hivyo. Petroli isiyoungua inakwenda kuwakia ndani ya masega, yanapata moto mpaka yanayeyuka. Masega yana platini na paladi ndani yake, na bei yake utaishangaa, sensa ni nafuu mno.

Ijumaa ijayo nakuja Dar, na kile kifaa changu cha kusomea kodi nitakibeba. Kama unaweza kupanda daladala siku hizi tano, panda. Tutaifungua pamoja Jumamosi asubuhi, halafu kama ni ya kununua twende wote Ilala.

Wabusu watoto.

Somo yako