Barua kwa mwanangu aliyepangiwa wilayani

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila goti la baba yako bado linamsumbua na shambani anakwenda vilevile.

Jana kwenye simu uliongea kwa hasira. Ulisema yule mzee aliyevunjika paja alikaa wiki mbili kwa mganga wa mifupa ndipo akaletwa wodini, nawe ukamfokea mbele ya wanawe. Nilinyamaza kwa kuwa salio lilikuwa linaisha, na pia nilitaka kukujibu polepole.

Huo mguu wake umeuweka kwenye nini? Ulisema mwenyewe: gango la Thomas, kile chuma cha kuunyoosha na kuutuliza mguu uliovunjika. Sisi wodini tulikuwa tukisema "Lete Tomasi" na kila mtu alielewa. Basi nikwambie huyo Thomas alikuwa mtoto wa nani.

Hugh Owen Thomas alizaliwa mwaka 1834 kisiwani Anglesey, huko Wales, katika ukoo wa waunga mifupa. Wenyewe husimulia kwamba kazi hiyo waliirithi kwa mtoto aliyeokolewa baharini karne ya 18, meli ilipozama. Baba yake, Evan, hakuwa na cheti. Aliwaunga mifupa watu wa Liverpool, mji wa Uingereza, wenye vyeti wakamchukia, na mahakamani akafikishwa. Wanawe wote watano akawasomesha udaktari. Hugh alisoma Edinburgh na London, akapata cheti mwaka 1857, akarudi kufanya kazi na baba yake. Hawakuelewana, wakaachana.

Hospitali kubwa hakuwahi kuajiriwa. Alitibia nyumbani kwake huko Liverpool, Nelson Street namba 11, akiwa na mhunzi na fundi wa ngozi wake mwenyewe wa kumtengenezea vifaa. Alikuwa na kamwili kadogo, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, kofia kaiinamishia jicho lililoumia, sigara haitoki mdomoni. (Hiyo sigara simsifu.) Jumapili hakumtoza mtu, na maskini walijaa.

Gango lake unalijua, lakini litazame tena. Duara la chuma lililovikwa ngozi hukaa juu kabisa ya paja, na vyuma viwili hushuka kila upande hadi kupita unyayo. Mguu unavutwa kwa chini, duara linajizuia kwenye mfupa wa kalio, na misuli ya paja inakosa nguvu ya kuvipandanisha vipande vya mfupa vikachana nyama na mishipa. Yeye alilibuni hasa kwa ajili ya magoti yaliyoliwa na kifua kikuu cha mifupa, akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1875. Fundisho lake lilikuwa kukilazimisha kiungo kipumzike, bila kukatizwa, kwa muda mrefu, zama ambazo wengine walikuwa wepesi wa kisu. Wakubwa wa London hawakumjali sana, naye ulimi wake ulikuwa mkali. Alifariki Januari 1891.

Aliyelipeleka gango hilo kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia ni mpwa wa mkewe, daktari Robert Jones. Kwa hesabu alizotoa Jones, mwaka 1916 askari waliovunjika paja walikufa 80 katika kila 100. Kufikia 1918 walikufa 20.

Mimi Tomasi aliniadhibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe. Nilihesabu mawe ya kuvutia mguu, nikapima mapigo, nikaandika vizuri kwenye faili, lakini ngozi iliyo chini ya duara sikuigusa. Siku ya tatu kukawa na kidonda kinachonuka. Sista wa wodi alikiona, akamfunika kijana shuka taratibu, akamuuliza habari za kwao. Kisha akaniita chumba cha dawa akafunga mlango, na humo ndimo nilimokiona cha moto. Yule kijana hakusikia hata neno moja.

Kesho ukipita raundi, pitisha kidole chini ya duara la yule mzee, uisogeze ngozi, uikaushe, na uwaonyeshe wauguzi wa zamu. Halafu vuta kiti, umuulize mganga alimfunga kwa kitu gani, mianzi au magome, na alimvuta akiwa amelala vipi. Akikujibu niandikie, nami nataka kujua.

Baba yako anakusalimu. Anauliza kama huko mahindi yamekomaa.

Mama yako