B.B. King bado anatutetemesha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimkumbuke B.B. King, Mmarekani mpiga gitaa wa bluzi (blues), muziki wa Wamarekani weusi, aliyefariki Mei 14, 2015 huko Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 89. Miaka inapita, lakini mapenzi yangu kwake hayajapungua hata chembe.

Wapo wapiga gitaa wenye mbio. King hakuwa na haraka. Alipiga noti moja, akaitikisa kwa kidole cha mkono wa kushoto mpaka ikatetemeka kama sauti ya mtu anayezuia kilio, kisha akanyamaza. Akiimba, gitaa linatulia. Akimaliza mstari, gitaa linaitikia. Nani aliyelelewa kwenye ngoma asiyejua kuitikiana huko?

Gitaa lenyewe aliliita Lucille. Mwaka 1949, akipiga katika ukumbi mmoja wa dansi huko Arkansas, wanaume wawili walipigana wakaangusha pipa la mafuta ya taa yaliyokuwa yakiwaka. Watu wakatoka mbio. Yeye akarudi motoni kulifuata gitaa lake. Baadaye akaambiwa waligombea mwanamke, jina lake Lucille.

Huyu ni mtoto wa Mississippi aliyechuma pamba, na mwaka 1974 alikuja kupiga Kinshasa, hapa hapa Afrika. Naziomba redio zetu zimpe walau saa moja Ijumaa usiku. Kaseti niliyorithi kwa baba utepe wake umeshalika, na wanangu bado hawajamsikia vizuri.

Msomaji wako,
Tanga