Rufaa ile haikupaswa kukatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Nimefundisha darasa la saba mkoani Shinyanga kwa miaka mingi, na kuna rufaa moja ambayo bado inaniuma ninapowakumbuka wasichana waliopita mikononi mwangu.

Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, ilitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana aliyefungua kesi ya kuipinga sheria ya umri wa ndoa. Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua tangu Julai 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa vifungu hivyo umri wa mvulana kuoa ni miaka 18, lakini msichana anaweza kuozwa akiwa na 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mahakama inaweza kuruhusu ndoa hata ya mwenye miaka 14. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha.

Hukumu ilisifiwa sana, na ilistahili. Mimi nasema na waliokata rufaa. Mawakili wa Serikali walisimama mbele ya majaji kutetea tofauti hiyo ya umri, na miongoni mwa hoja zao ni kwamba inamlinda msichana anayepata mimba nje ya ndoa. Mtoto wa miaka 15 amepewa mimba, na ulinzi wake ni kukabidhiwa mume!

Tena mwaka uleule wa 2016 Bunge lilibadili Sheria ya Elimu: anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Basi Serikali ileile ilimlinda binti aliye darasani, huku ikitetea mahakamani ndoa ya mwenzake wa umri huohuo asiye na dawati. Nimeziona orodha za waliochaguliwa kwenda sekondari zikibandikwa ukutani. Msichana ambaye jina lake halimo anarudi nyumbani kimya, na kuna baba ambao siku hiyo wanaanza kuhesabu ng'ombe. Huyo ndiye aliyehitaji wakili.

Nitaambiwa wakili kazi yake ni kumtetea mteja. Kwa wakili wa kujitegemea, sawa. Wakili wa Serikali analipwa na baba wa yule binti, na mama yake pia, na sheria iliyo juu ya zote anazozitetea ni Katiba. Ibara ya 59B inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Hayo ni ya mashtaka ya jinai, lakini sioni kwa nini wanaosimama kwa niaba ya Serikali katika kesi za kikatiba wasipimwe kwa kipimo hicho. Kabla ya kukata rufaa dhidi ya haki ya msingi iliyokwisha kutambuliwa, watuandikie sababu zao, nasi tuzisome.

Rufaa ina gharama isiyoandikwa kwenye jalada. Binti aliyekuwa na miaka 13 Mahakama Kuu ilipotoa hukumu alikuwa na 16 rufaa ilipotupwa. Mwaka mmoja wa kurekebisha nao ukapita, ukafuata wa pili na wa tatu. Mwaka 2023 Serikali ilikuwa bado inakusanya maoni ya wananchi. Maoni ya nini? Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kusahihisha kosa. Muda huo haukutolewa ili tuulizwe kama hukumu imetupendeza.

Namwomba Mwanasheria Mkuu asimame bungeni, aeleze ofisi yake iliishauri nini Serikali siku ule mwaka mmoja ulipokwisha.

Mwalimu mstaafu,
Shinyanga