Kikao cha Jumamosi, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu. Kikao kipo palepale, saa 10 jioni, ukumbi uleule karibu na stendi.

Nitaanza mjadala na Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Desemba 2013, vita vilipopamba moto, Imamu Oumar Kobine Layama alihamia kwa Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga, akakaa miezi. Nyumba moja! Wao na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walizunguka nje kuomba walinda amani; Aprili 2014 Umoja wa Mataifa ukaidhinisha kikosi. Sisemi ni kwa sababu yao tu, mataifa makubwa yana hesabu zake. Tubishane hapo.

Mbuzi atachinjwa na Mwislamu kama kawaida, tule wote. Mchango 5,000 kwa mweka hazina, tafadhali, si kwangu. Mwezi uliopita nilichanganya hesabu.